Msiba wa Lori la Mwinyijuma

Lori la Mwinyijuma halikuhitaji honi. Watu wa Fukayosi walipoona wingu la buluu linapanda juu ya mikorosho, walijua linakuja, na walijua pia kwamba hawana haja ya kukimbia. Walifunga mizigo yao taratibu, wakaoga, wakala, wakaagana na jamaa, kisha wakatoka barabarani kulisubiri. Lilikuwa bado halijafika. Ubavuni lilikuwa limeandikwa kwa rangi nyeupe jina lake, MWANAKWETU. Nyuma halikuandikwa kitu, kwa sababu hakuna aliyewahi kukaa nyuma ya lori lile akaweza kufumbua macho asome.

Mwaka wa sabini na tatu Serikali ilichoka kukohoa. Hivyo ndivyo nilivyolielewa mimi tangazo lililobandikwa kwenye ukuta wa boma pale Bagamoyo. Nililisoma mara mbili, mara ya kwanza kwa ajili yangu na mara ya pili kwa ajili ya jirani yangu Mwinyijuma, ambaye alikuwa amesahau miwani yake nyumbani tangu azaliwe. Lilisema kwamba magari yote ya mizigo yatakaguliwa, na kila gari litakaloonekana linatoa moshi uliopita kiasi litang'olewa vibao vya namba papo hapo, lisirudi tena barabarani. Chama cha ushirika nacho, kwa kuogopa kuonekana kimelala, kikatangaza kwamba msimu ule hakitakodi lori lolote la kubeba korosho ambalo halina kibandiko cha mkaguzi kwenye kioo.

"Uliopita kiasi, ni kiasi gani?" Mwinyijuma akaniuliza.

"Hawakusema."

"Basi sisi tumo ndani ya kiasi," akasema, akapanda lori lake, akaliwasha, nami nikampoteza kwenye moshi nikiwa bado nazungumza naye.

Alifanya mzaha, lakini usiku ule hakula. Kabla ya kupata lori, Mwinyijuma alikuwa akivuta mkokoteni wa chumvi kutoka Nunge hadi mjini, na kamba ya mkokoteni ule ilimwachia bega moja chini kuliko jingine. Kila aliyemwona amesimama alidhani ameegemea kitu. Lori likifungiwa hakuwa na kazi nyingine ya kushika ila mkokoteni, na safari hii angeuvuta na miaka yake sitini na kitu juu yake. Mkewe, Bi Mwanamvua, aliyajua hayo yote, na kwa huruma yake ya kawaida akamwambia, "Ule mkokoteni nimeuwekea kuni, lakini ukiutaka nitazitoa."

Mtu wa kwanza kuja kutufariji alikuwa Alawi. Huyu alikuwa kijana wa miaka arobaini, wa ukoo mkubwa wa mji mkongwe, mwenye duka la nguo na lori la aina moja na la Mwinyijuma, ila la kwake lilikuwa jipya na la Mwinyijuma lilikuwa na kumbukumbu. Kwa muda mrefu alikuwa akiitamani njia ya Fukayosi na Mkange. Alikuja amevaa kanzu iliyopigwa pasi mpaka ingeweza kusimama yenyewe.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, Alawi. Wazima nyumbani?"

"Wazima, alhamdulillahi. Nimesikia habari za tangazo, nikasema nije nikupe pole mapema, kabla watu hawajawa wengi."

"Pole ya nini? Kafa nani?"

"Hajafa bado, mzee, lakini tunamsikia anavyopumua." Akaligonga lori ubavuni kwa kidole kimoja, kama mtu anayechagua nazi. "Likishindikana usilitupe. Niuzie bodi. Nina kuku wanalala nje."

"Kuku wako wakilala humu," akasema Mwinyijuma, "asubuhi utawatoa wamekwisha kaangwa."

Alawi akacheka, akaaga kwa adabu zote, akaondoka na kanzu yake.

Tulimwita Kitwana, fundi wa magari. Kitwana alifungua injini, akachungulia, akaifunga haraka kama mtu aliyefungua mlango akakuta wenyewe wanaoga.

"Ringi za pistoni zimekwisha," akasema. "Hili lori linakunywa oili kuliko petroli. Tia ringi mpya, moshi utakatika. Bila ringi, hata ulisomee hitima."

Mwinyijuma akaenda Dar es Salaam kutafuta ringi. Zilikuwa siku zile ambazo ukiingia dukani kuuliza kitu, mwenye duka anafurahi kukuona kwa sababu hata yeye amekaa peke yake. Katika duka la mwisho aliambiwa kwamba zilikuwepo seti za lori la namna ile, lakini zote zimechukuliwa na bwana mmoja wa kutoka Bagamoyo, mwenye kofia ya viua na kanzu iliyonyooka sana.

Akarudi, akaenda nyumbani kwa Alawi. Alikaribishwa kwa kahawa na halua. Aliulizwa hali ya mkewe, hali ya watoto, hali ya miguu. Alipofika kwenye ringi, Alawi alishika kifua.

"Ningekupa, mzee, wallahi ningekupa. Lakini zile ni akiba. Na lori langu nalo litakuja kuzeeka."

Lori lake lilikuwa na umri wa mtoto anayeota meno.

Ndipo tukaingia kwenye tiba za kienyeji. Kitwana, ambaye kama fundi yeyote hakupenda kuonekana ameshindwa, alisema kwamba moshi unaweza kuchujwa kama tui. Akasokota makumbi ya nazi, akayashindilia kwenye bomba la moshi, akamwambia Mwinyijuma awashe. Kwa kitambo kidogo lori likanguruma bila moshi hata chembe, na Kitwana akatutazama mmoja mmoja ili tupate nafasi ya kumsifu. Kisha Mwanakwetu akajikunja, akatetemeka, na lile donge la makumbi likatoka kama mzinga, likapita uani, likazichukua kanga mbili za Bi Mwanamvua kambani na kuzipeleka kwa jirani.

Bi Mwanamvua akatoka. Kanga hakuzifuata. Alirudi ndani akaja na chetezo, akatia ubani na udi, akaanza kulizunguka lori akilifukiza magurudumu, boneti na usukani, kwa sababu kwa maoni yake ugonjwa wenyewe ulikuwa husuda ya mtu, na mtu mwenyewe anajulikana kwa kanzu. Nikamuuliza kwa heshima kama ni busara kutibu moshi kwa moshi.

"Msabaha," akaniambia, "hilo darasa lako la jioni limekufundisha kusoma. Husuda halikufundisha. Sogea, nipitishe chetezo."

Nikasogea.

Sasa zikaanza kuja habari za mkaguzi mwenyewe. Alikuwa ameanzia Vigwaza, na huko, walisema, aliacha magari yamelala kando ya njia kama watu waliokula uyoga mbaya. Hachukui kitu. Alipewa dafu, akalilipia. Alipewa kiti kizuri, akasimama. Hacheki. Mtu mmoja alimwambia kwamba ana watoto wengi wanaolitegemea gari, naye akamjibu kwamba hao watoto ndio wanaovuta moshi wake. Jina lake Kulwa, mtu wa Tabora.

Mwinyijuma, aliyekuwa amekaa barazani ameinamisha kichwa, akakiinua.

"Wa wapi?"

"Tabora. Mnyamwezi."

"Mnyamwezi!" Akasimama, na kwa mara ya kwanza mabega yake mawili yakakaribia kulingana. "Mbona hamkusema? Huyo ni mtani wangu!"

Kwa mtu asiyejua mambo ya pwani, ni kwamba sisi Wazaramo na Wanyamwezi tumekuwa watani tangu wakati wa misafara, wao walipokuja hapa na pembe za ndovu mabegani na babu zetu wakakaa barazani kuwacheka. Mtani unamtukana asikasirike. Unamchukulia kofia yake asikushitaki. Naye ukifiwa, huja kuvuruga kilio chako, akamwigiza marehemu wako, akalala kaburini asitoke mpaka umkomboe kwa kitu. Mwinyijuma alilikumbuka la kofia. La kaburi lilimpita.

"Nitamtukana," akasema, "mpaka apitishe lori mwenyewe kwa mkono wake."

"Utani haumo kwenye tangazo," nikamwambia.

"Ulisoma mahali kwamba umekatazwa?"

"Hapana."

"Basi." Na akaingia ndani akale.

Siku ya ukaguzi mji ulihamia kwenye uwanja wa mbele ya boma. Hakuna aliyefanya kazi asubuhi ile isipokuwa mkaguzi. Kulwa alikuwa mtu mfupi, mnene wa shingo, amevaa sare iliyofuliwa mara nyingi na kofia yenye beji iliyong'aa kuliko macho yake. Kipimo chake hakikuwa na mambo mengi. Alikuwa na fimbo, na kwenye ncha ya fimbo anafunga kitambaa cheupe. Dereva anakanyaga mafuta, kitambaa kinawekwa mdomoni mwa bomba la moshi, kisha kinatolewa na kuonyeshwa watu wote. Kando yake alisimama askari mmoja ameshika spana, tayari kwa vibao vya namba, na uso wa mtu anayependa kazi yake.

Lori la Alawi likapita mwanzo. Kitambaa kilirudi cheupe kama kilivyokwenda. Alawi akabandikiwa kibandiko chake, lakini hakuondoka. Alikwenda dukani kwake mara moja, akarudi.

Kisha Mwinyijuma akaja. Tulimwona kabla ya kumwona.

"Shikamoo, mzee," akasema Kulwa.

"Shikamoo yako ibebe kichwani uirudishe Tabora," akajibu Mwinyijuma, akishuka, "kama babu yako alivyobeba pembe kuileta hapa."

Watu wakacheka. Kulwa hakucheka. Akalizunguka lori.

"Hili ni la mwaka gani?"

"La mwaka ule babu yako alipoonja wali kwa mara ya kwanza, hapa hapa Bagamoyo, akatupa michembe yake ya viazi baharini."

"Taa?"

"Zipo. Msafara wa kwenu ukipotea, tutaziwasha."

Hata askari mwenye spana akageuka upande. Kulwa uso wake ulikuwa vile vile. Akafunga kitambaa kipya kwenye fimbo.

"Panda. Washa. Kanyaga."

Mwinyijuma akapanda. Nilimwona midomo yake ikisoma kitu, na safari hii si matusi. Akawasha. Mwanakwetu akakohoa, akanyamaza, akakohoa tena, kisha akatoa yote aliyokuwa nayo. Mbuzi waliokuwa kwenye majani wakaondoka. Boma likapotea. Ndani ya moshi tukamsikia mkaguzi akipiga chafya, na moshi ulipokonda tukamwona ameinua fimbo. Kitambaa kilikuwa cheusi na kinadondosha.

Mwinyijuma akaruka chini, akaenda mbio kwa bega lake lililoinama, akainyakua kofia ya Kulwa kichwani.

"Huipati," akasema, "mpaka upitishe."

Kofia ya mtani ni kitu kimoja, na beji ya Serikali ni kitu kingine, na Mwinyijuma alikuwa ameshika vyote viwili kwa mkono mmoja. Askari akaiinua spana yake kidogo.

"Mzee," akasema Kulwa polepole, "unajua umechukua nini?"

"Kofia ya mtani."

"Hiyo ni kofia ya Serikali. Haina utani na mtu." Akajipapasa kichwa, ambacho kilikuwa kimenyolewa vizuri na kilianza kupata jua. "Lakini kichwa kilichobaki ni cha Mnyamwezi."

Akamgeukia askari. "Mkaguzi amemaliza kazi yake. Lori limeanguka, vibao ving'olewe." Kisha akatugeukia sisi, akaweka mikono kiunoni. "Na mimi Kulwa nimefika Bagamoyo nikakuta mtani wangu amefiwa. Na tangu alfajiri sijatia kitu tumboni. Hamjui mila nyie?"

Alawi hakungoja kualikwa mara mbili. Alikuwa amejiandaa kwa mzaha wake tangu asubuhi na sasa akaona umepata mlango. Akajitokeza mbele ya watu wote amebeba pande la bafta nyeupe, mpya, kutoka dukani kwake. Akalitandaza kwenye boneti ya Mwanakwetu kama sanda.

"Poleni, ndugu zangu," akasema kwa sauti ya kilio. "Tumefiwa. Marehemu alikuwa mkubwa wetu sote. Mimi nilimhesabu kama baba yangu mzazi."

Watu walicheka, na wengine walicheka sana, kwa sababu walikuwa na madeni dukani kwake. Mwinyijuma hakucheka. Alikuwa anamtazama askari akiinama mbele ya lori na kuweka spana kwenye skrubu ya kwanza.

"Wewe!" Kulwa akamfokea askari. "Unazika bila watani? Kwenu wapi?"

Askari akasimama, hajui atii kofia au kichwa.

Na hapo mkaguzi wa magari, mtu aliyelipia dafu Vigwaza, akamwigiza marehemu. Aliinama, akatetemeka magoti, akakohoa mara tatu kwa kifua kizima, akaenda mbele hatua mbili na kurudi nyuma moja. Akasimama kupanda kilima kisichokuwepo, akawaashiria abiria washuke wasukume. Akina mama wa Fukayosi waliokuwa wamekuja na vikapu walianguka wakishikana. Lilikuwa ni lori lenyewe, lilikosa namba tu. Mwalimu wa chuo cha Kurani alipita pale, akatikisa kichwa kwa masikitiko, akasimama kutazama mpaka mwisho.

Kulwa alipochoka kuendesha akavuta mkeka wa muuza samaki, akautandika mbele ya magurudumu, akalala chali na sare yake.

"Haziki mtu," akasema kutoka chini. "Hakuna spana kugusa kibao mpaka nikombolewe. Wafiwa ni nani?"

Bi Mwanamvua akaelewa kabla ya mumewe. Akaweka mikono kichwani, akalia, "Mwanakwetu weee! Mwanakwetu umetuacha na mkokoteni weee!" Na sijui mpaka leo ni kiasi gani cha kilio kile kilikuwa mzaha.

Mwinyijuma akaja akasimama juu ya mtani wake, kofia bado mkononi. Alikuwa na sura ya mtu aliyetega mtego mlangoni kisha akasahau akatokea mlango ule ule.

"Chukua kuku," akasema. "Nitakuletea jogoo."

"Kuku ni rushwa."

"Mbuzi."

"Mbuzi ni rushwa yenye pembe. Fundi yuko wapi?"

Kitwana akasukumwa mbele.

"Marehemu aliugua nini?"

"Ringi za pistoni, bwana mkaguzi."

"Mkaguzi simjui. Mimi mtani nataka ringi. Sikubali kingine." Akainua kichwa kidogo, akaiona ile bafta inapepea juu yake. "Hii sanda kaleta nani?"

Sijapata kuona mji ukikubaliana upesi namna ile. Vidole vyote vilimwelekea mtu mmoja.

"Ilikuwa mzaha tu," akasema Alawi.

"Na mimi huku chini unadhani nasinzia?"

"Sisi hatumo katika utani huo, bwana. Sisi si Wazaramo. Ukoo wetu asili yake Hadhramauti."

"Na sanda asili yake wapi?"

"Dukani kwangu, lakini..."

"Mwenye kuleta sanda ndiye mfiwa mkubwa. Alisema nini alipoileta? Nani alisikia?"

"Alisema tumefiwa," nikajibu mimi, kwa sababu napenda mambo yakisemwa yasemwe yalivyo. "Akasema alimhesabu marehemu kama baba yake mzazi."

"Alisema!" wakaitikia wanawake wa Fukayosi. "Baba mzazi, alisema!"

"Basi mtoto wa marehemu," akasema Kulwa, "mkomboe baba yako. Nataka ringi."

"Nani amekuambia ninazo?" akapaza sauti Alawi.

"Mimi nimesema nazitaka," Kulwa akajibu taratibu. "Sikusema unazo."

Alawi akatazama huku na huku akitafuta mtu wa kucheka naye. Wale waliocheka naye mwanzo walikuwa wanakagua kucha zao. Angeweza kuondoka. Hakuna sheria ingemrudisha. Lakini ndani ya watu alikuwemo mama yake, Bi Biubwa, aliyekuja kwa kisingizio cha kununua tangawizi, na sasa akapasua njia kwa fimbo yake.

"Alawi."

"Labeka, mama."

"Umeleta sanda kwa mkono wako."

"Mama, ni lori."

"Umesimama mbele ya watu ukasema umefiwa, mtani kalala njiani, na jua linapanda. Unataka waseme watu wa nyumba yetu huleta sanda wakakimbia maziko? Nenda kalete. Na upesi, huyu bwana wa watu anaungua kichwa."

Alawi akaenda. Kanzu yake kwa nyuma ilikuwa na mkunjo, wa kwanza nilioupata kuuona. Alirudi na boksi dogo la kadibodi, bado limefungwa, akamwekea Kulwa kifuani. Kulwa hakulifungua. Alimpa Kitwana, akainuka, akajipangusa vumbi, akanyoosha mkono kwa Mwinyijuma.

"Sasa kofia."

Mwinyijuma akaitoa. Alikuwa ameikunja kwa wasiwasi mpaka beji imepinda. Kulwa akainyoosha, akaivaa, na uso wake ukafunga kama duka saa sita ya Ijumaa.

"Mzee, mimi na wewe hatujuani," akasema. "Tangazo linasema papo hapo, lakini askari wangu ameshindwa kung'oa vibao kwa sababu njia ilizibwa na maiti. Nitaandika hivyo. Jumatatu uje hapa. Likitoa moshi, spana nitaishika mwenyewe."

Kitwana alifanya kazi siku zilizobaki bila kuchuja chochote kwa makumbi. Bi Mwanamvua alimpelekea chakula na alijizuia kufukiza, jambo ambalo kwake ni sawa na wengine kujizuia kupumua. Mwinyijuma alikaa pembeni akimpa fundi spana asizoziomba. Alawi alipita mara moja kuangalia, akasema anapenda kujua hali ya baba yake. Hakuna aliyemfukuza. Mwinyijuma alimwahidi ringi nyingine pindi zikitokea madukani, na alimwahidi kwa moyo mmoja, kwani sote tulijua madukani hazitatokea.

Jumatatu watu walikuwa wengi kuliko mara ya kwanza, na wengi wao, nasema ukweli, walikuja kwa matumaini kwamba moshi utatoka. Mwinyijuma akawasha. Bombani pakatoka pumzi moja ya buluu, nene, na askari akapiga hatua. Uwanja mzima ukaguna. Mwinyijuma alishika usukani kama mtu anayeshika mkono wa mgonjwa.

"Ni oili ya zamani iliyobaki kwenye bomba," akanong'ona Kitwana. Alikuwa ananiambia mimi au anamwomba Mungu, sikujua.

Kulwa alimwinulia askari kiganja. Akangoja. Mwanakwetu akaendelea kunguruma, na pumzi ile ikapanda, ikapasuka juu ya paa la boma, na nyuma yake hakikuja kitu. "Kanyaga," akasema Kulwa. Injini ikapanda sauti. "Kanyaga tena." Akaweka kitambaa, akakiacha pale kwa muda ambao kwangu ulikuwa mrefu kuliko khutuba, akakitoa, akakigeuza mbele na nyuma, akakinusa. Kisha akakiinua juu. Kilikuwa na doa la kijivu, dogo, kama chai iliyomwagika kidogo tu.

Alitoa kibandiko mfukoni, akakilamba, akakibandika kwenye kioo cha Mwanakwetu kwa mkono wake. Wanawake wa Fukayosi walipiga vigelegele na papo hapo wakaanza kupakia vikapu.

Mwinyijuma akashuka. Kulwa alikuwa amevua kofia yake, ameishika nyuma ya mgongo, na alisimama kama mtu anayejua kinachokuja na amekiandalia jibu. Sote tulisogea ili tusikose tusi. Mwinyijuma alimtazama. Macho yake yalikuwa na maji, na safari hii hapakuwa na moshi wa kusingizia. Akaushika mkono wa Kulwa kwa mikono yake miwili.

"Ahsante, mwanangu," akasema. "Mungu akulipe."

Nilimwona Kulwa akibadilika uso. Wakati wote wa matusi, wa michembe na pembe na kofia, hakukasirika. Sasa alikasirika.

"Nimekukosea nini mimi, mzee?" akauliza, akivuta mkono wake. "Mbele ya watu wote hawa unanishukuru? Mimi mgeni kwako? Mimi si mtani wako tena?"

Watu wakaguna upande wake, na kwa haki. Bi Mwanamvua akamfinya mumewe kiunoni. Mwinyijuma akajipangusa macho kwa kiwiko, akavuta pumzi ndefu, akapanda lori lake, akafunga mlango, na alipokwisha kukaa vizuri juu ya kila mtu akatoa kichwa dirishani.

"Toka njiani, mpagazi wewe!" akapiga kelele. "Umesimama hapo kama mzigo ulioachwa na mwenyewe! Nitakukanyaga, na hapa pwani Mnyamwezi hazikwi bure!"

Kulwa akacheka. Alicheka mpaka akainama, kofia ikamwanguka, akaiokota, akampisha.